NANI AILIPIE SHULE?
Historia fupi ya ubishi wa majirani katika Bariadi yetu



Kamati ya sherehe iliponiomba niandike historia kidogo kwa ajili ya kijitabu hiki cha miaka kumi, nilidhani nitaandika juu ya hisa, faida na mikopo. Lakini nilipofungua daftari letu la kwanza kabisa, lile la mwaka 2015 ambalo jalada lake limeliwa na mchwa, nilishangaa. Mikopo mingi ya mwanzo haikuwa ya biashara. Imeandikwa hivi: "mchango maabara", "sare", "mchango dawati", halafu "mchango maabara" tena. Kumbe kikundi hiki kilizaliwa kwa sababu ya shule, ijapokuwa wengi wetu shule tuliiacha zamani.

Basi nimeona niandike juu ya jambo lililotugombanisha majirani kwa majirani, na ambalo halijaisha mpaka leo: nani alipie shule za watoto wetu? Ni serikali kwa kodi, au mwananchi kwa mchango? Na kama ni mwananchi, ni yupi? Mwenye watoto au hata asiye nao? Nitaanza mbali kidogo, maana ubishi huu ni mkubwa kuliko sisi.

KODI YA BABU ZETU

Kodi si jambo geni Usukumani. Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho lake. Waingereza nao wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kisha mwaka 1926 ikaja sheria iliyowapa watawala wa jadi madaraka pamoja na hazina zao. Huku kwetu, enzi hizo tukiwa chini ya wilaya ya Maswa, walikuwako watemi wa Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa. Sehemu ya kodi ilibaki katika hazina hizo, ikalipa watemi na makarani wao, zahanati, na shule chache.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mkulima alilipa kila mwaka, lakini nafasi za shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na waliotangulia kuzipata walikuwa wana wa watemi na wa wanangwa. Shule ya serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa hasa kwa watoto wa watawala. Mtoto wa kike wa mkulima hata hakufikiriwa. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema kwamba babu alilipa kodi maisha yake yote, na barua ikifika nyumbani ilibidi atembee nayo kutafuta wa kumsomea.

Jambo moja ningependa tulikumbuke kutoka zama hizo. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walianzisha vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa VFCU chini ya uongozi wa Paul Bomani. Chanzo kilikuwa nini? Kilikuwa mizani. Wakulima hawakukataa kuuza pamba. Walikataa kupimiwa na mtu ambaye mizani yake hawaioni vizuri, wakataka mpimaji wao wenyewe asimame pale. Naomba msomaji alishike hilo, tutalirudia.

TULIPOFYATUA MATOFALI

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 kiu ya elimu ilikuwa kubwa na hazina ilikuwa ndogo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikafutwa. Novemba 1974, kikao cha TANU kule Musoma kikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe shuleni. Wakati huo huo watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, hivyo shule nyingi zilianza hata kabla nyumba za wanakijiji hazijakauka udongo.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1976, tukisomea chini ya mkwaju. Akina mama walichota maji na mchanga, akina baba wakakata miti na kuchoma tanuru, na sisi watoto tukabeba tofali mojamoja kichwani kila asubuhi. Hakuna aliyeombwa fedha, na hakuna aliyesamehewa kazi. Je, hapakuwa na ubishi? Ulikuwapo sana. Mwenye mtoto mchanga alisema aachwe, mwenzake akamjibu kwamba yeye naye ana mgonjwa ndani. Wenye ng'ombe wengi walipenda kumtuma kijana wa kuchunga badala yao. Lakini ugomvi ule haukudumu, na nadhani sababu yake ni nyepesi: kila mtu aliliona tofali lake likiwa ukutani. Hakuna aliyeweza kula tofali.

ADA INARUDI

Mambo yakabadilika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na uchumi ulioyumba viliikausha hazina. Halmashauri za wilaya, zilizokuwa zimefutwa mwaka 1972, zilirudishwa mwaka 1984, na pamoja nazo ikaja Kodi ya Maendeleo. Ada na michango shuleni navyo vikarudi katika miaka hiyo ya 1980. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka askari mgambo wakisimama njiani alfajiri kudai stakabadhi, na wanaume wakilala mashambani kama wezi ili wasikamatwe. Shuleni mtoto alirudishwa nyumbani akafuate mchango, na wengine hawakurudi tena. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, uandikishaji wa shule za msingi nchini, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umepita asilimia 90, ulishuka chini ya asilimia 80.

Nafuu ilianza na MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002. Ada ya shule za msingi ikafutwa mara ya pili katika historia yetu. Mpango uliweka ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kamati za shule zikapewa madaraka, na fedha zilizopokelewa zikatakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Mwaka 2003 Kodi ya Maendeleo nayo ikafutwa.

Lakini watoto waliojaa madarasa ya msingi walihitaji sekondari. Zikaja shule za kata, na jamani, hizo tulizijenga! Nchi ilikuwa na shule za sekondari zipatazo 1,300 mwaka 2004. Mwaka 2009 zilikuwa zimepita 4,000. Utaratibu ulikuwa kwamba wananchi wapandishe boma na serikali iezeke na kumalizia. Hapo ubishi ukawa mkali kuliko ule wa matofali, kwa kuwa sasa kilichotakiwa kilikuwa fedha taslimu.

Ubishi wenyewe ulikuwa na sura nyingi. Mchango ulipangwa kwa kaya. Sasa mzee mwenye wake watatu na watoto kumi na tano ni kaya moja au tatu? Mjane mwenye mjukuu mmoja alipe sawa na yeye? Mwenye ng'ombe mia na mwenye kuku wanne wasimame mstari mmoja? Wengine walisema, "Pamba yangu imekatwa ushuru, kodi nimeshalipa, mchango wa nini tena?" Wengine wakajibu kwamba ushuru wa mazao analipa mnunuzi. Wakajibiwa nao: na mnunuzi anaitoa wapi kama si kwenye bei yangu? Mtu akisema "mimi silipi kodi", alikumbushwa kwamba tangu 1998 kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani, na anaponunua sabuni dukani analipa kama waziri. Yote hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana hayakuisha.

MBUZI WA JIRANI

Nafika sasa mwanzo wa kikundi chetu. Mwaka 2012 yalitokea mambo mawili. La kwanza, mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa, na Bariadi ikawa makao makuu. La pili, Rais Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, katika muda wa miaka miwili. Mwisho ulikuwa Novemba 2014, baadaye ukasogezwa hadi Juni 2015. Nia ilikuwa njema, maana mtoto hawezi kujifunza kemia kwa kusimuliwa. Lakini muda ulikuwa mfupi, viongozi wa chini walibanwa, nao wakatubana sisi.

Kuna wanachama wetu wawili ambao wameniruhusu nisimulie yao bila kuwataja. Nitawaita jirani wa juu na jirani wa chini, kwa kuwa mmoja anakaa juu ya mlima mdogo na mwingine bondeni karibu na kisima. Jirani wa chini ni mjane, na wakati huo hakuwa na mtoto shuleni. Jirani wa juu alikuwa na watoto sita, wawili wakiwa sekondari, na mumewe alikuwa mmoja wa waliohamasisha mchango.

Jirani wa chini hakulipa. Siku moja wakaja mgambo, wakaondoka na mbuzi wake jike mwenye mimba. Hakupewa stakabadhi. Jirani wa juu alisema mbele ya watu kisimani, "Haki yake. Wanawe walisoma kwa matofali ya nani?" Mwenzake akajibu, "Mimi nilibeba matofali yale kabla wewe hujaolewa hapa." Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana. Waliokuwa wakiazimana chumvi na jembe sasa walipishana njiani kila mmoja akitazama kando. Watoto wao walikatazwa kucheza pamoja. Ilidumu mwaka mzima na zaidi.

Sisi tulioanzisha kikundi tuliona mbuzi wengi wakiondoka namna hiyo, na kuku, na baiskeli. Tulisema heri tuwe na sanduku letu, ili mwenzetu akibanwa akope kwa wenzake badala ya kunyang'anywa. Tukaanza, sanduku na kufuli tatu, na funguo kwa watu watatu tofauti. Wale wawili wote walikuja, wakakaa kila mmoja upande wake wa mwembe.

Katika mojawapo ya vikao vya mwanzo tulijadili kama mfuko wa jamii utoe mikopo ya michango ya shule. Jirani wa juu alisimama akaunga mkono, kisha akatupa dongo: "Ila wengine hapa hata wakikopeshwa hawatatoa, hawapendi shule." Kimya kikatanda. Mjane akainuka taratibu, akasema maneno ambayo siyasahau: "Mayu, mimi sikukataa shule. Nilikataa kutoa bila kuonyeshwa. Mwaka wa nyuma tulitoa ya madawati, watoto wa watu bado wanakaa chini. Nikauliza, nikaambiwa mimi ni mpinzani. Humu kikundini nikitoa elfu moja, naiona inaandikwa. Kule nilitoa mbuzi, hata karatasi sikupata."

Hakuna aliyemjibu, hata jirani wa juu.

"BURE" NA MANENO YAKE

Mwishoni mwa mwaka huo huo, Novemba 2015, serikali mpya ya Rais Magufuli ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5: kuanzia Januari 2016 elimu ya awali hadi kidato cha nne haina ada wala michango ya lazima. Tulipiga vigelegele. Darasa la kwanza lilifurika. Serikali ilianza kupeleka zaidi ya shilingi bilioni 18 kila mwezi shuleni kote nchini. Na tarehe 17 Januari 2018 Rais alikataza tena kwa ukali walimu kushika michango ya wazazi.

Sasa tazameni jinsi dunia inavyogeuka. Katika kijiji chetu kulikuwa na boma la darasa lililosimama bila paa, na watoto walisoma kwa zamu. Wazo la kuchangia mabati lilipoletwa, aliyekataa mbele ya wote alikuwa jirani wa juu! "Rais kasema bure. Anayetaka kuchangia achangie, mimi nimechanga miaka yote." Na aliyetaka tuchange alikuwa mjane, kwa sababu sasa alikuwa na mjukuu darasa la pili, na mvua ikinyesha mjukuu alirudi nyumbani. Nusura wagombane upya, safari hii kila mmoja akiwa amekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Wote wawili walikuwa na hoja. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi mwaka 2016 ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati yake 6,000 ndizo zilizokwenda shuleni kwenyewe. Dola 10 za mwaka 2002 zilikuwa karibu fedha hiyo hiyo. Chaki, sabuni na saruji hazikubaki bei moja miaka yote hiyo, na watoto waliongezeka. Kwa hiyo anayesema kodi haitoshi hadanganyi. Lakini pia anayesema kwamba mchango wa hiari hugeuka wa lazima kabla jua halijazama, naye hadanganyi. Tumeyaona.

Tulichofanya ni kidogo, lakini najivunia. Hatukutoa tamko. Tulikwenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu, tukaomba mambo manne kabla ya kutoa hata senti: mapato na matumizi ya nyuma yasomwe, mchango uamuliwe na mkutano wenyewe, na wajane na wazee wasiojiweza wasamehewe kwa majina, na kila mfuko wa saruji na kila bati libandikwe ukutani pale ofisini. Wengine waliguna, wakasema akina mama wa sanduku wamepata kiburi. Mkutano ukakubali. Fedha zilitoka polepole, hakuna mbuzi aliyeshikwa. Jirani wa juu alitoa wa mwisho, ila alitoa. Kwanza alikwenda ukutani akasoma karatasi yote kwa kidole, mstari kwa mstari.

Baadaye mambo yalisogea. Mwaka 2021 serikali ilitumia fedha za mkopo wa UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000 nchini bila kutuchangisha, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa. Mkoa wetu nao, wakati wa Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, ulijulikana kwa kambi za kitaaluma za wanafunzi wa madarasa ya mitihani, na huko wazazi na wadau walichangia chakula. Kwa hiyo kodi na mchango vimeendelea kutembea pamoja, wakati mwingine vikisukumana.

TUMEJIFUNZA NINI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nikiitazama historia hii, kutoka hazina za watemi mpaka karatasi ya ukutani, naona kwamba shule ya bure haijawahi kuwapo. Mtu fulani alilipa kila mara: kwa rupia, kwa pamba, kwa tofali, kwa mbuzi, au kwa bei ya sabuni. Na majirani hawakugombana hasa kwa sababu ya uchoyo. Waligombana pale mmoja alipotakiwa kutoa na mwingine akawa na haki ya kutojibu maswali. Wakulima wa pamba walitaka kuiona mizani. Wazazi wetu waliliona tofali. Sisi tulitaka kuiona karatasi.

Lakini jambo hili linatuhusu na sisi wenyewe. Ile asilimia nne ya mapato ya ndani ya halmashauri ambayo sheria ya mwaka 2018 imeitenga kwa mikopo ya vikundi vya wanawake inatoka katika mapato yale yale yanayotarajiwa kujenga madarasa. Jirani asiye mwanachama ana haki ya kutuuliza tunafanya nini na fedha ya umma, kama tulivyouliza sisi. Tusije tukawa wakali kwa mtendaji halafu wapole kwa daftari letu.

Mtauliza, je, wale wawili? Wanasalimiana. Mwaka jana jirani wa juu alipolazwa, mjane ndiye aliyempelekea uji. Sijasikia mmoja akimwomba mwenzake radhi, na sidhani wataombana. Yule mbuzi hakurudi, wala hakuna aliyeweza kumweleza mwenyewe alikwenda wapi. Mwaka huu katika mgawo, mjane amenunua mbuzi jike mwingine. Alipofika kikundini alitoa karatasi ya mnadani, akaomba mwandishi aiandike kwenye daftari, tarehe na bei, ingawa kanuni zetu hazidai hivyo.

Nimeiandika. Ipo ukurasa wa mwisho wa daftari la mwaka wa kumi.